Acha Mkia wa Picha

Nilirudisha funguo za stoo ya sinema mwezi uliopita, na mpaka leo mkono wangu unazitafuta mfukoni. Ninyi vijana niliowaacha pale mlinipa blanketi, saa ya ukutani na hotuba ndefu. Hotuba ilitaja vyeo vyangu. Ni kweli nilipanda ngazi, ila ngazi yenyewe ilikuwa fupi, na habari za mshahara tuziache zilale. Kazi yenyewe haikutajwa hata kidogo. Kwa hiyo nimevuta meza karibu na dirisha, nje inanyesha ile mvua ya Kericho isiyoomba ruhusa kwa mtu, nami nawaandikia jinsi tulivyofanya kazi kabla ninyi hamjaanza kutembea na sinema nzima mfukoni.

Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa kuja kuchuma chai, na mimi nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, katikati ya mashamba. Kampuni ilikuwa na kitengo kidogo cha kuwaonyesha wafanyakazi filamu: za afya, za namna ya kuchuma, na Jumapili mchana zile za kuchekesha, madirisha ya ukumbi yakiwa yamezibwa kwa mablanketi. Nilipoajiriwa, miaka ya tisini ikiwa ndiyo kwanza imeanza, nilimkuta pale Mzee Otieno, mwonyesha sinema wa siku nyingi, mtu mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Wewe ndiye wameniletea?"

"Ndiyo, Mzee."

"Unaogopa stima?"

"Kidogo."

"Sawa, tutaelewana. Ule alikuwa hapa mbele yako hakuogopa. Saa hii ako na vidole nane."

Wiki ya kwanza sikugusa filamu. Nilipewa kitambaa cha pamba, nikafuta lenzi, nikafuta masanduku, nikafuta nyaya zote moja moja huku nikizipapasa kutafuta mahali zilipochubuka. Nilidhani ananionea. Wiki ya pili waya ulikatika katikati ya onyesho, nikaupata gizani kwa vidole kabla watu hawajamaliza kupiga miluzi. Mzee Otieno hakunisifu. Alininunulia chai na andazi, na kwake hiyo ilikuwa sherehe.

Alikuwa na kanuni nyingi, lakini moja ndiyo iliyoniokoa. Kila alipokata kipande cha filamu ili akiunganishe na kingine, aliacha kidogo baada ya neno la mwisho, kama pumzi mbili hivi. Kipande hicho alikiita mkia. "Mtu akimaliza kuongea usimtoe hapo hapo kama umemfukuza," aliniambia. "Wacha watu wamuone amefunga mdomo. Ng'ombe bila mkia itamalizwa na inzi." Sikuelewa ng'ombe ameingiaje hapo, lakini nilizoea kuacha mkia katika kila nilichokata.

Mzee Otieno akastaafu, akarudi kwao ziwani na kofia yake. Kanda za video zikaja, na ile mashine ya filamu ikapandishwa juu ya kabati kama picha ya babu. Kisha, muongo ukielekea ukingoni, kampuni ikanunua kompyuta ya kuonyeshea video, pamoja na projekta ya kutupa picha kwenye kitambaa. Vilikuja ndani ya lori moja na mbolea. Skrini peke yake ilikuwa nzito kama mtoto wa darasa la pili, na sanduku lake lilinguruma hata likiwa halifanyi kitu. Nilisoma kitabu cha maelezo kwa wiki mbili, kamusi ikiwa pembeni.

Onyesho langu la kwanza na mashine hiyo lilikuwa siku ya wageni kiwandani. Meneja alikuwa ndani ya video akieleza umuhimu wa kuchuma majani mawili na chipukizi. Kompyuta ikaona hakuna aliyeigusa kwa dakika kadhaa, ikaamua kupumzika. Samaki wa rangi wakaanza kuogelea ukutani, na mmoja mnene akapita polepole mbele ya pua ya meneja. Mchumaji mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Akinyi ametuletea ziwa!" Ukumbi mzima ulicheka hadi watu wakashikana mabega. Tangu siku hiyo baadhi yao waliniita Ziwa, na wapo wanaoniita hivyo hadi leo.

Aibu hufundisha upesi kuliko kitabu. Nilibandika kadibodi ndani ya kifuniko cha sanduku la kubebea, nikaandika kila kosa nililofanya ili nisilirudie. Zima samaki. Iambie mashine isijilaze, si skrini wala diski. Nyamazisha kengele zake ndogo ndogo. Usichezeshe video kutoka kwenye sidii, inaruka ukikohoa. Ihamishie ndani kwanza. Sogeza mshale pembeni usimkae mtu usoni. Waya wa sauti usilale pamoja na waya wa stima, la sivyo spika zitavuma kama nyuki. Na jaribu kila kitu mahali penyewe, kwa jenereta yenyewe, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hilo la mwisho nililipigia mstari, na mtaona kwa nini.

Ofisini kwetu kulikuwa na karani aitwaye Chelangat, msichana mpole wa Merigi. Baba yake, Mzee arap Koech, alikuwa fundi wa boila pale kiwandani, mtu aliyekaa na moto miaka mingi mpaka kifua kikachoka. Wakati Chelangat alipochumbiwa na kijana wa Kiptere, mzee alikuwa amelazwa hospitali ya mbali, na daktari hakutaka kusikia habari ya safari. Siku moja Chelangat alikuja stoo, akafunga mlango.

"Akinyi, please, nisaidie. Wazee wanasema baba asipotubariki, harusi ingoje mpaka atoke hospitali. Na daktari hajui atatoka lini. Hajui hata kama atatoka."

"Hakuna mtu wa kubariki badala yake?"

"Wako. Wazee wanaweza kukubali ndugu yake. Lakini mimi nataka yeye. Ni yeye alinilea, mama alikufa nikiwa mdogo."

Tukaenda kumwona mzee mkubwa wa ukoo, arap Bett, rika moja na baba yake. Akasema sauti ya baba ni sauti ya baba hata ikitoka kwa redio. "Lakini iwe baraka," aliongeza. Hakueleza zaidi, maana kwake hapakuwa na la kueleza. Meneja naye alinipa ruhusa ya kuichukua mashine kwa siku moja, kwa sharti irudi bila mkwaruzo.

Nilikwenda hospitalini na kamera. Arap Koech aliomba Chelangat abaki nje, asiyasikie maneno yale kabla ya siku yake. Alivalishwa koti juu ya nguo za hospitali, akaegemezwa kwenye mito. Alizungumza Kipsigis, na Kipsigis changu ni cha sokoni: najua kuamkia, kuuliza bei na kujua nimetukanwa. Alisema sentensi moja, akanyamaza, akaitazama kamera, kifua kikipanda na kushuka. Akasema nyingine, akanyamaza tena. Ikaendelea hivyo hadi mwisho. Mwishoni alitaja jina la binti yake, akasema maneno machache, kisha akakaa kimya muda mrefu hadi nikadhani amelala macho wazi. Halafu akainamisha kichwa mara moja, nami nikazima kamera.

Nikiwa stoo niliitazama video ile na moyo ukaniuma. Mzee aliyezoea kuamrisha moto, sasa kila sentensi inamwishia pumzi! Nikaona aibu watu wa kwao wamwone hivyo. Nikakata. Nilimgawa vipande kumi na vinne, sentensi kwa sentensi, kila kimoja na mkia wake kama nilivyofundishwa. Kisha nikaviunganisha kuwa video moja, na wakati wa kuunganisha nikaiondoa hata ile mikia, ili maneno yafuatane bila pengo. Mzee akatoka pale akiongea kama kijana wa ishirini. Ile video ndefu ya mwanzo niliifuta, maana diski za siku zile zilijaa upesi kuliko kikapu cha mchumaji hodari. Kanda yenyewe nikaifungia kwenye droo ya meza. Niliona fahari kubwa.

Siku ya harusi nilifika Merigi saa moja asubuhi, kompyuta ikiwa imelazwa juu ya godoro nyuma ya gari la kampuni. Sherehe ilikuwa katika shule ya msingi, madarasa mawili yaliyotenganishwa na ukuta wa mbao unaotolewa. Madirisha tuliyaziba kwa magunia. Jenereta niliiweka mbali, nyuma ya vyoo, kelele zake zikahangaike na inzi. Shuka mbili nyeupe zilishonwa pamoja, zikavutwa kwa mawe hadi zikanyooka. Jambo lililonitia wasiwasi lilikuwa paa. Lilikuwa la mabati matupu, na kule mvua ikija saa nane mchana haikai ikajadiliana nawe. Ikianza kupiga, hata ungeweka spika ndani ya sikio la mtu hatasikia kitu.

Saa nne nikafanya jaribio. Mle ndani alikuwemo arap Bett, amevaa kofia na koti zito, na Senge Rebecca, shangazi wa Chelangat, dada yake arap Koech. Picha ikatokea, safi, kubwa, mzee akiwa na koti lake. Senge akashika kifua. Mzee akaanza kuongea, sentensi ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Zima," akasema arap Bett.

"Haijaisha, Mzee."

"Nasema zima hiyo kitu."

Nikazima. Arap Bett alizunguka meza akaitazama kompyuta kama ng'ombe anayekataliwa mnadani.

"Hii si baraka," akasema. "Hii ni taarifa ya habari."

Sikuelewa. Senge Rebecca akanishika mkono, akanieleza taratibu kama anayemweleza mgeni mlango uko wapi. "Akinyi, mzee akibariki, anasema moja, sisi wote tunaitikia. Anasema ingine, tunaitikia tena. Baraka yenye haijaitikiwa ni maneno ya mtu mmoja tu, haijashika. Sasa huyu anakimbia, anakimbia. Sisi tutaingia wapi?"

"Senge, alikuwa akinyamaza kila mara. Nilidhani anatafuta pumzi, nikamwonea huruma."

"Alikuwa anatungoja sisi," akasema Senge.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na hayo si maneno ya kupamba barua. Yule mgonjwa alikuwa amelala kitandani, peke yake na mimi na kamera, akiusikia ukoo wake wote ukimwitikia, na kila mahali alipoupisha mimi nilikuwa nimepapiga makasi. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Siku hiyo haraka niliileta mimi, tena ndani ya sanduku lenye waya.

"Basi tungoje atoke hospitali," akasema arap Bett, akaanza kuvaa kofia yake vizuri. Hakusema kwa hasira. Senge akainamisha uso, kwa sababu sote watatu tulijua tungengoja nini. Nyumba ya pili kutoka hapo Chelangat alikuwa anavalishwa, tukisikia wanawake wakiimba.

Nilifikiria kukimbilia ile kanda Kericho. Barabara ilikuwa tope, na kuiingiza kwenye mashine kungekula nusu siku hata kama ningekuwa na mabawa. Nikasimama nikiitazama ile kadibodi yangu ya makosa, na ndipo nikamkumbuka Mzee Otieno na ng'ombe wake. Video niliyounganisha haikuwa na mikia. Lakini vile vipande kumi na vinne sikuwa nimevifuta. Vilikuwa bado ndani ya diski, vimepangwa kwa namba, kila kimoja na pumzi zake mbili.

"Mzee, nipe dakika kumi," nikasema. "Kumi tu."

Nikafungua kipande cha kwanza. Arap Koech akasema sentensi yake, akafunga mdomo, akatazama. Picha ikasimama hapo hapo na macho yake yakiwa juu yetu. Senge Rebecca, bila kuambiwa na mtu, akaitikia kwa sauti, kisha akaziba mdomo kwa mkono kama aliyejishtua. Nikangoja kidogo, nikafungua cha pili. Mzee akaendelea kama mtu aliyesikia jibu lake na akaridhika.

Arap Bett akavua kofia, akaketi kwenye dawati la watoto. "Rudia," akasema. Nikarudia. Safari hii waliitikia wote wawili.

"Na nani atajua watu wamemaliza kuitikia?" akauliza. "Wewe hujui maneno yetu."

"Mimi," akasema Senge. "Nitakaa hapa nyuma yake. Nikimgusa bega, anafinya."

Nilipotaka tujaribu vyote kumi na vinne, watu walikuwa wameshaanza kuingia. Tukaacha kwenye cha tano. Msinifuate katika hilo.

Saa sita na nusu madarasa yale mawili yalikuwa yamejaa hadi wengine wakasimama mlangoni. Wenyeji wa Merigi, wageni kutoka Kiptere, na wenzetu wa kiwandani, hata wale wa ziwa waliokuja kuona kama samaki watatokea. Chelangat na bwana harusi waliketi mbele, kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, kikiwa mezani. Arap Bett akasimama, akawaambia watu kwamba baba yupo, na kwamba wamwitikie kama kawaida. Akaketi. Senge akaweka mkono begani kwangu.

Nikafinya. Arap Koech akatokea kwenye shuka, mkubwa kuliko alivyopata kuwa maishani. Akasema la kwanza. Watu wakasita, nusu ya pumzi hivi, kisha wachache wakaitikia kwa woga. Senge akanigusa. La pili wakaitikia nusu ya ukumbi. La tatu waliitikia wote, na magunia ya madirishani yakatikisika. Baadaye Senge alinifasiria baadhi: mfike mbali, mrudi salama, mifugo yenu ijue njia ya nyumbani, moto wa jikoni kwenu usizimike. Hilo la moto, likitoka kwa mtu wa boila, liliitikiwa kwa nguvu hadi wafanyakazi wenzake wakasimama.

Sijui kama mmewahi kuendesha mashine ukumbi mzima ukiwa unapumua pamoja nayo. Kidole changu kilikuwa kinajua kabla yangu. Mzee anasema, ukumbi unajibu, mzee anawatazama wakijibu, bega langu linaguswa. Ilikuwa kazi tamu kuliko zote nilizopata kufanya, na ninalisema hilo bila haya. Kwenye kipande cha kumi nikasikia tone la kwanza kwenye bati. Kwenye cha kumi na mbili yalikuwa matone kumi. Nilimwomba Mungu kwa Kijaluo, maana kwa haraka zile sikuwa na muda wa kutafsiri.

Kikaja cha mwisho. Hicho hatukuwa tumekijaribu. Arap Koech akamwita binti yake kwa jina, akasema maneno machache, akanyamaza. Nilitegemea picha isimame baada ya pumzi mbili. Haikusimama. Kumbe kipande cha mwisho sikukifupisha, nilikiacha na mkia wake wote. Watu wakakaa kimya. Hakuna aliyeitikia. Nikadhani nimeharibu, kidole kikashuka kwenye kibonye, na Senge akanikamata bega kwa kucha.

"Wacha!" akaninong'oneza. "Amemwuliza kama amesikia."

Chelangat akasimama. Sinendet, ule mmea wa kijani wa sherehe waliomvika shingoni, ilikuwa ikitetemeka. Akamtazama baba yake pale kwenye shuka, naye baba akawa anamtazama, akingoja. Akajibu kwa Kipsigis, kwa sauti ndogo lakini safi, sentensi mbili. Hata mimi wa Kipsigis cha sokoni nilizielewa: nimesikia, baba, asante.

Na arap Koech akainamisha kichwa.

Kelele iliyotoka humo ndani sijaisikia tena. Vigelegele, vilio, wazee wakigonga fimbo sakafuni, na kabla havijatulia mvua ikashuka juu ya bati kwa nguvu zake zote, ikakuta hakuna neno lililobaki la kuzamisha. Nilizima projekta. Arap Bett akanijia na kikombe cha mursik, akangoja ninywe mbele yake.

"Sasa hiyo ni baraka," akapaza sauti juu ya mvua. "Na wewe imekushika, Ziwa."

Jumatatu nilimrudishia meneja kompyuta yake. Aliizunguka mara mbili akitafuta mkwaruzo, asiupate. Kwenye kadibodi yangu niliongeza mstari mmoja: ukikuta kimya ndani ya picha, uliza kwanza kabla hujakikata.

Arap Koech alitoka hospitalini baadaye sana, akawashika wajukuu wawili. Lakini wiki ile ya harusi alikuwa bado kitandani, na nilikwenda kumpa habari, nikiwa nimejiandaa kukiri mbele yake kosa langu lote. Hakunipa nafasi. Aliniuliza jambo moja tu, kwa Kiswahili, ili nisikosee.

"Alijibu?"

"Alijibu, Mzee."

Akanyamaza, akanitazama, kifua kikipanda na kushuka. Safari hii nilikaa tuli. Nikangoja, nikangoja, mpaka akainamisha kichwa.